Antena Iliyotazama Kilima

Mwaka wetu wa kwanza Malawi tulipanga chumba Mchesi, mjini Lilongwe, na pale uma uliochomekwa nyuma ya televisheni ulitosha. Picha ilikuwa safi, ungehesabu meno ya msoma habari. Kwa rafiki yangu wa Mtandire uma haukufaa, alihitaji antena. Kwa binamu yangu aliyekaa Kanengo, mbali zaidi, antena nayo ilihitaji mti mrefu, na bado kila mtu kwenye kioo alitembea na kivuli chake. Tulipohamia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwendo mrefu kwa basi dogo, tulipata chenga tupu.

Niliikubali hali hiyo upesi, kama ninavyokubali kila jambo linaloniruhusu kubaki kitini. Nilimweleza mke wangu, kwa elimu yangu ya sekondari, kwamba mawimbi huchoka njiani kama watu. Akaniamini miezi minane.

Kisha kwaya yake ikaitwa mjini kurekodiwa. Wimbo mmoja, ungeonyeshwa Jumapili mchana, mara moja tu. Tangu tutoke Bukavu sikuwa nimemsikia akijitakia kitu.

"Papa ya batoto," alisema, "mi nataka kujiona."

Jumapili hiyo nilifunga televisheni kwenye betri ya gari, nikaipandisha antena juu ya mwanzi mpya. Chenga. Nikaunganisha mwanzi wa pili. Chenga, ila sasa zilikuwa na sauti. Wimbo ukaanza, nikaisikia kwaya kupitia dirisha.

Jirani yetu, mzee wa Burundi anayetengeneza baiskeli, alikuwa amesimama ananitazama.

"Papa, unatafuta Lilongwe ao Bukavu?"

"Lilongwe, muzee."

"Lilongwe iko nyuma yako."

Kwetu Bukavu antena zote za mtaa zilitazama kilima, maana mnara ulikuwa huko. Nilipofika Dzaleka nilitafuta kilima, nikaelekeza chuma changu huko bila kumuuliza mtu. Miezi minane nimeipa Lilongwe kisogo, huku nikiulaumu umbali.

Nikauzungusha mwanzi.

"Iko inakuya," mke wangu akasema toka ndani. "Pole pole. Acha pale."

Nikaufunga kwa waya, nikaingia. Ulikuwa ubeti wa mwisho. Kwenye kioo mistari ya watu weupe kwa chenga iliyumba, nyuso hazina pua, maana umbali nao ulikuwa umechukua sehemu yake. Mke wangu alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na kioo.

"Huyu wa kushoto njo mi?"

"Njo we. Nakuona bien, muzuri kabisa."

"Ule ni papa mupiga gitare," akasema.

Nikakaa. Wimbo ukaisha, akatokea mtu anayesoma bei ya mbolea. Mke wangu aliendelea kutazama kidogo, labda wangerudi.

"Kila siku ulisema ni mbali," akasema, bila ukali wowote, akachomoa waya kwenye betri.