Mkwe Nyuma ya Pazia

Wateja walimwita Mama Pasi, maana hakuna aliyenyoosha kola kama yeye. Alifanyia kazi chumba cha mbele, katikati ya mashati yaliyoning'inia. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe wake, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na pazia tu.

Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kusali. Mama Pasi aliolewa akiwa hajui hata Baba Yetu. Bibi huyo, kiongozi wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa mabati, akamkalisha chini. "Mwanangu, Mungu usimchoshe kwa maneno mengi. Kila asubuhi muulize tu: leo unataka nifanye nini? Kisha inuka ukafanye."

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pasi aliuliza hivyo kabla hajawasha pasi, na jibu halikumpiga chenga hata siku moja. Kamtazame mgonjwa. Mwombe mumeo radhi, ingawa yeye ndiye aliyeanza.

Kisha bibi akaanza kusahau. Alianza na funguo, zikafuata siku za wiki, akamalizia na watu. Mwanawe, fundi mwashi, mume wa Mama Pasi, bibi alimkumbuka kwa kubahatisha. Mkwewe alifutika kabisa.

"Wewe nani?" aliuliza, akibadilishiwa shuka.

"Mkweo, mama."

"Mkwe gani? Mwizi wewe! Umevaa gauni langu!"

"Gauni hili, mama, lisingekuenea hata ulipokuwa msichana," Mama Pasi alimtania. Zamani wangecheka wote wawili mpaka machozi. Bibi akageukia ukutani.

Siku nyingine Mama Pasi alimwambia, "Tumshukuru Mungu, mama." Bibi akamkazia macho kama mtu aliyetajiwa jirani aliyehama zamani.

"Mungu ndiye nani? Anakaa hapa?"

Mama Pasi akarudi kwenye pasi. Siku hiyo aliunguza shati la mteja mgongoni.

Baadaye bibi akakataa chakula chake, akisema huyu mwanamke ana sumu. Siku ya tatu ya kufumba mdomo, Mama Pasi alimshika taya kwa nguvu amwingizie kijiko. Vidole vyake vikaacha alama. Mumewe aliporudi kula mchana, akamwambia, "Nimemwumiza mama."

Mwashi akatazama viganja vyake vilivyokauka saruji. "Sasa nifanyeje, mke wangu? Nikikwambia uache, nani atamlisha? Nikikwambia uendelee..."

Asubuhi Mama Pasi aliuliza tena, na jibu likawa lilelile: mlishe. Na hilo ndilo hasa lililomshinda.

Juma hilohilo mshonaji wa nyumba ya pili alipita kumjulia bibi hali. Bibi akamnyooshea mikono. "Mwanangu, mbona umechelewa?" Akala kutoka mkononi mwake bakuli zima. Tangu hapo Mama Pasi alipika, akachuja, akapoza, akampa mshonaji, yeye akabaki nyuma ya pazia.

"Mkwe wangu angekuwepo," alimsikia bibi akisema huku akitafuna, "shuka hili lingenyooka. Sijui walimpeleka wapi."

"Yupo hapa nje, mama," alijibu mshonaji.

"Usinidanganye."

Mama Pasi alishika pazia. Angelivuta, bibi angetema. Akaliachia.

Iliendelea hivyo mwaka na miezi. Bibi alifariki asubuhi moja, ameegemea bega la mshonaji. Msibani watu walimsifu mshonaji kwa moyo wake. Naye alipofungua kinywa aeleze nani alikuwa akipika, Mama Pasi akambonyeza mkono anyamaze.

Hadi leo hajui kama alilifanya alilotakiwa kulifanya. Alimuuliza mchungaji alipokuja kuchukua nguo zake. Mchungaji akasema swali hilo ni zito. Kisha wakahesabu mashati pamoja, manne meupe na moja la bluu.