Kitanda cha Karibu na Meza

Saa mbili asubuhi, muuguzi ambaye wodi nzima humwita Shangazi anabonyeza kifua cha mtoto njiti kwa ncha ya kidole, kisha anatazama rangi ya ngozi inavyorudi. Inarudi kwa kusuasua.

"Bosi, umekuja kabla ya mwaliko, na sasa unataka kuondoka bila kuaga?" anamtania.

Mtoto ana maambukizi makali kwenye damu. Shangazi anapima joto, anahesabu pumzi, anajumlisha alama zinazokisia nani yuko hatarini zaidi. Za bosi ni mbaya. Kama ulivyo utaratibu, anahamishiwa kitanda cha karibu na meza ya wauguzi.

Kina mama wa wodi hii wameuelewa utaratibu huo kwa namna yao: anayesogezwa mezani harudi. Mama wa bosi, binti mwenye uzazi wa kwanza, anafunika kikombe alichokuwa akikamulia maziwa na kuanza kukunja nguo za mtoto.

"Mbona umeacha kukamua?" Shangazi anamuuliza.

"Nimkamulie nani? Dalili ya mvua ni mawingu, Shangazi."

"Na mangapi yamepita bila kudondosha hata tone? Sikudanganyi, mwanangu, hali yake ni mbaya. Lakini zile alama ni za kutuamsha sisi, si za kukukatisha tamaa wewe. Tumemsogeza ili tumwone kila tukiinua macho. Dawa nitampa mimi. Maziwa unayo wewe, mimi yangu yalishakauka zamani."

Binti anacheka huku machozi yakimtoka. Anafunua kikombe.

Wauguzi ni wawili kwa watoto zaidi ya ishirini, ndiyo maana alama ni muhimu. "Zinatuonyesha pa kukimbilia," anasema daktari wa wodi. "Kuwashika mama zao wasikate tamaa, hapo tunamtegemea Shangazi."

Si wote wanaopona. "Siku tukipoteza mtoto nafika nyumbani siongei," anasema Shangazi. "Mume wangu haulizi. Ananiwekea chai, anakaa karibu."

Siku tatu baadaye bosi bado yuko palepale, lakini joto limetulia na maziwa ya mama yake yanashuka tumboni kupitia mrija mwembamba. Hajavuka, ila anapigana, na mama yake ndiye anayewahi kuamka kuliko wote.

Shangazi amekaribia kustaafu. Anatamani wodi ipate wauguzi zaidi. Tena ana tamaa nyingine, na hii anaisema huku akinawa mikono kwenda kwa mtoto mwingine.

"Kila hesabu inayosema mtoto atakufa, nataka iumbuke. Na mimi niwepo, niicheke."