Kompyuta Tuliyoifuta Jumapili

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, mimi na mkuu wangu wa kazi tulitolewa siku moja. Alikuwa msimamizi wa chumba cha wachapaji, mama mtu mzima kutoka Majita, upande wa Mara, mjane na mwimbaji wa kwaya. Aliweza kuchapa barua nzima huku macho yake yako mlangoni, anaangalia nani kachelewa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wachapaji wake wote. Wenzetu wengine walirudi vijijini kulima pamba, wengine wakaingia kwenye biashara ya samaki, ambayo wakati ule ilikuwa imewaka moto kwa sababu ya viwanda vya minofu. Yeye aliniita pembeni, nje ya geti, akaniambia, "Mwanangu, sisi tunajua kuchapa. Twende tukachape."

Tulipanga chumba cha mbele katika nyumba moja ya Nyakato, hapa Mwanza, tukaanza na taipureta yake. Baadaye tulipata kompyuta iliyotumika, kutoka mradi fulani uliokuwa unafunga ofisi zake. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule: kioo cheusi, maandishi meupe, na ukitaka ifanye lolote unaiandikia amri kwa herufi, ukikosea nukta moja inakukatalia. Lakini ilitupa jina. Watu walisema, "Nendeni kwa wale akina mama wa kompyuta," na mimi nilikuwa bado sijaolewa, ila niliupokea umama huo kwa furaha.

Shida ilianzia Butimba. Walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu cha huko walikuwa wateja wetu wakubwa, na siku moja akaja mmoja na disketi badala ya karatasi. Kazi yake ilikuwa imeandikwa kwenye kompyuta mpya, ile ya vidirisha na rangi. Nikaitumbukiza disketi kwenye mashine yetu, ikatoa takataka tupu kiooni. Akaiomba disketi yake kwa adabu, akaenda mjini. Wiki iliyofuata wakaja wengine, nao wakaenda mjini. Mashine yenyewe ilikuwa imeanza pia tabia ya kuganda katikati ya kazi, ikikaa kimya kama ng'ombe aliyegoma.

Nikamwambia Mama, maana ndivyo nilivyomwita, "Tuweke mfumo mpya, huo wa vidirisha. Tusipouweka, tutabaki kuchapa matangazo ya nyumba za kupanga."

"Mashine inafanya kazi," alijibu bila kuinua kichwa.

"Inaganda, Mama."

"Hata mimi naganda asubuhi kukiwa na baridi. Utaniwekea mfumo mpya?"

Nilicheka, lakini sikuliacha jambo hilo. Nilijua kinachomshika. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa kwaya, alitunga nyimbo kwa Kijita, na karatasi zake zilikuwa zimeanza kuliwa na mchwa. Mama alikuwa amezichapa zote ndani ya kompyuta ile, jioni baada ya wateja kwisha, wimbo mmoja mmoja. Kwake ile haikuwa mashine ya biashara peke yake.

Nikaenda mjini kwa mzee mmoja Mhindi aliyekuwa akiuza vifaa vya ofisi tangu enzi za taipureta. Ukoo wake ulikuwa Mwanza kabla reli haijazeeka, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Binti yake alikuwa amerudi kutoka masomoni Nairobi, na sasa ndiye aliyeshughulikia kompyuta za duka. Nilimwamkia baba yake, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba na kunielekeza kwa binti. Yule dada alinivutia kiti, akanieleza taratibu, bila kunifanya nijione mjinga.

"Kuna njia tatu," alisema. "Ya kwanza, unauweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Kila kitu chako kinabaki mahali pake. Ya pili, unaigawa diski iliyo ndani ya mashine, wa zamani ukae upande mmoja na mpya upande wa pili. Ya tatu, unafuta kila kitu, unaanza na diski tupu."

"Wewe ungefanya ipi?"

"Diski yenu ni ndogo, kwa hiyo ya pili haiwezekani. Ya kwanza ni rahisi, lakini kinachoigandisha mashine sasa kitaendelea kuigandisha. Ya tatu ni safi. Ila ukishaanza kufuta, dada yangu, hakuna kurudi."

Nilirudi Nyakato na bunda la disketi za mfumo mpya ndani ya kikapu, na njia nzima nilikuwa nikijadiliana na nafsi yangu. Njia ya kwanza ilikuwa inanivuta, kwa sababu ingempendeza Mama. Lakini nilikuwa nimeona kiwandani mashine za kufumia zikibandikwa kipuri kipya juu ya uchakavu, mwaka hadi mwaka, mpaka siku mafundi walipokunja mikono. Nilipofika dukani kwetu nilikuwa nimeamua. Nikamweleza Mama njia zote tatu, nikamwambia nataka ile ya tatu.

Alizitazama disketi kikapuni. Kisha akasema, "Nina masharti. Nyimbo zitolewe kwenye karatasi kwanza. Halafu kazi zote ziwekwe kwenye disketi, na disketi hizo zikafunguliwe kwenye mashine nyingine nione kwa macho yangu. Siyo uniambie zipo."

Nilikubali. Tulichapa nyimbo zote, tukanakili kazi zote, na Mama mwenyewe akavaa kitenge chake kizuri akaenda nami mjini. Alisimama nyuma ya binti wa yule mzee akikagua faili moja baada ya jingine. Disketi moja ilikataa kufunguka. Tulirudi, tukainakili upya, tukaenda tena. Safari hii zote zilifunguka.

Nilichagua Jumapili. Siku hiyo viwanda vingi vya Nyakato vilikuwa vinapumzika, na umeme ulikuwa unatulia. Nilisali misa ya kwanza, nikafungua duka, nikajifungia ndani. Nakumbuka nilivyoandika ile amri ya kufuta. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nilijibu ndiyo, na baada ya muda diski ikawa tupu kama shamba lililolimwa.

Nikaanza kuingiza disketi. Moja inasomwa, inalia krrr krrr, kioo kinaomba inayofuata. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya bunda wakati feni ilipopunguza mwendo juu ya kichwa changu. Nikainua macho, nikaiona inasimama. Kioo kilikuwa kimezimika.

Sikulia, ingawa nilitamani. Nilifungua mlango ili mwanga uingie, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Hivyo ndivyo Mama alivyonikuta alipotoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya. Aliangalia kioo, akaangalia bunda la disketi.

"Ule wa zamani bado umo?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimeufuta."

"Na mpya?"

"Haujakamilika."

Nilingoja anichape kwa maneno, kama alivyokuwa akituchapa kiwandani. Badala yake alivua viatu vyake vya kanisani, akakaa. "Umeme ukirudi utaanzia wapi?"

"Mwanzo kabisa."

"Basi utaanza. Kesho wateja mimi nitawapokea. Kwani kabla ya hilo lidude tulikuwa tunakula nini?"

Umeme ulirudi Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa ameshatoa meza barazani, ameifuta taipureta vumbi na kupachika utepe mpya. Walikuja watu wa maombi ya kazi, akaja mchungaji na ratiba yake, akaja fundi cherehani anayetaka tangazo. Kila aliyeuliza kuhusu kompyuta aliambiwa, "Iko kwenye matengenezo. Sema unachotaka kuandika." Taipureta ililia asubuhi nzima, na mimi ndani naingiza disketi, natoa, naingiza.

Kisha disketi moja ikagoma. Niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Mashine ikasema haisomeki. Nikajaribu mpaka jasho likanitoka, halafu nikaichukua nikaenda nayo mjini.

Binti wa yule mzee aliijaribu kwenye mashine yake. "Imeharibika," alisema. "Nitakutolea nakala nyingine." Akanitazama usoni, nadhani aliona nilivyochoka. "Lakini sikiliza. Ukitaka, naweza kukurudishia ule wa zamani leo hii. Ni disketi chache tu, mchana huu mnafanya kazi. Huu mpya mtauweka siku nyingine, mkiwa na nafasi."

Siwezi kusema sikutamani. Nilimfikiria Mama barazani, jua linamfikia magotini, anachapa kazi yake na yangu. Lakini nilijua kwamba siku hiyo nyingine haitafika. Tukirudi kwenye kioo cheusi tutashukuru Mungu, tutanyamaza, na wale wanafunzi wa Butimba wataendelea kutupita.

"Nipe hiyo nakala, dada," nilisema. "Namalizia."

Niliporudi nilipita karibu na Mama, nikamwonyesha disketi. Hakuacha kuchapa. Alitikisa kichwa kuelekea ndani, yaani niende nikafanye kazi. Mashine iliisoma disketi ile bila ubishi. Alasiri, kioo kikawaka rangi, kikawa cha samawati kama ziwa upande wa Capri Point kukiwa hakuna upepo. Niliita, "Mama!" kwa sauti iliyowafanya wateja wote wainuke pamoja naye.

Alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni. "Kinang'aa," alisema. "Sasa nionyeshe nyimbo."

Hapo ndipo nilipokutana na kazi ambayo hakuna aliyenionya kuihusu. Programu mpya ya kuandikia ilizifungua nyimbo, lakini mistari ilikuwa imerukiana, na pale alipokuwa ameweka alama za sauti kulikaa vimiraba vidogo. Nikamwambia niko tayari kuzisahihisha zote, yeye anisomee kutoka kwenye karatasi tulizochapa. Alizishika, akasoma mstari wa kwanza, akasita.

"Wimbo hausomwi," alisema, akaziweka chini, akaimba.

Aliimba polepole, akingoja vidole vyangu, akirudia kiitikio pale ambapo marehemu alitaka kirudiwe. Sikujua Kijita, kwa hiyo alinitajia herufi pale nilipokwama. Tulifanya hivyo siku nyingi, mchana, kila tulipopata upenyo. Wateja walizoea. Mwanamke mmoja muuza dagaa, mtu wa kwao Majita, alikuwa akipita na beseni lake, akasimama mlangoni, akaingiza sauti ya pili. Mama hakugeuka hata kumtazama ni nani. Aliendelea tu, na mimi nikaendelea kuchapa.

Wanafunzi wa Butimba walirudi mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kitu kilichomsumbua Mama kwa muda mrefu ni kipanya. Alikishika kwa nguvu kana kwamba kitamtoroka, na mshale ulikuwa ukikimbilia kila pembe ya kioo. Alikataa nimshike mkono. "Niache," alikuwa akisema, "nimefundisha wasichana wengi kuchapa bila kutazama, mimi nitashindwa na hiki?" Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alifanya mazoezi, akifungua kidirisha na kukifunga, akifungua na kukifunga. Siku moja nilimkuta ametoa barua nzima peke yake, imepangwa, imechapwa, imekunjwa. Ilikuwa barua kwa chuo, akiwaarifu kwamba duka letu sasa linafundisha kompyuta, na kwamba mwalimu ni yeye.