Mwenye Anga na Paa la Mkuu

Wanajeshi wenyewe ndio waliombandika jina la Mwenye Anga, na yeye, kwa kuwa hajui kejeli hata ukimwekea mezani na kijiko, akalipokea kama cheo. Mimi ni shemeji yake. Amemuoa mdogo wangu wa mwisho, mpishi wa kambi, na kwa balaa langu nina kibanda cha cherehani ng'ambo ya lango la kambi hiyohiyo. Kwa hiyo nimemsikiliza mtu huyu miaka mingi kuliko anavyostahili kusikilizwa na binadamu yeyote.

Kazi yake, ukimuuliza mwenyewe, ni kulinda roho za wanajeshi wote. Ukiwauliza watu wenye akili timamu, kazi yake ni kukaa kwenye kiti. Ngoja nieleze, usije ukadhani nina chuki tu. Nyuma ya vilima vyetu kuna watu wasiotutakia mema, na kila wanapojisikia hurusha kombora au droni. Kambi ina rada na ina mzinga. Rada inaona kitu kikiwa bado mbali, kompyuta inapiga hesabu kitaangukia wapi. Kama kinaelekea porini, mashine inakiacha kiende zake, haina shida na vichaka. Kama kinakuja juu ya watu, ving'ora vinalia, mzinga unajigeuza wenyewe, unatema risasi kwa sauti ya turubai linalochanwa, na ile takataka inapasukia hukohuko juu. Hata risasi zilizokosa zinajilipua angani zisije zikatoboa mabati ya watu. Yote hayo hujamaliza kupiga chafya. Na mashine sina ugomvi nayo. Imewaokoa vijana wengi ambao suruali zao nimezipunguza kwa mikono yangu, na kila nilipoisikia ikinguruma nilisema asante, kwa sauti, hata mteja akiwa mbele yangu.

Sasa Mwenye Anga anaingia wapi hapo? Anasafisha mtutu, anajaza risasi, anatazama kioo. Lakini msikie akisimulia! "Jana nimetungua mbili, shemeji, moja nimeikata mkia." Umetungua wewe? Ulikuwa umekaa unamenya karanga! Kazi yake ya maana ilikuwa moja tu. Kuna pande za anga ambazo mashine hukatazwa kupiga, kwa mfano upande wa mnara wa maji, isije ikaangusha mali ya kambi yenyewe. Kufunga upande na kuufungua kunataka mtu mwenye namba ya siri. Mtu huyo, kwa mipango ambayo sitaielewa hadi naingia kaburini, alikuwa yeye.

Nilimjua kabla hajavaa gwanda. Alikuwa analinda maegesho ya magari mjini, na hata huko alikuwa hivyohivyo. Gari la mnyonge likija alifoka mpaka mishipa inamtoka shingoni; gari jeusi la vioo vya giza likija, alikimbia kufungua lango huku ameinama kama anatafuta sindano. Alipokuja kuposa kwetu alijipiga kifua mbele ya baba, akasema mdogo wangu hataguswa hata na inzi. Baba akacheka. Mimi nilimwambia mdogo wangu, huyu debe tupu, fikiri vizuri. Akanijibu, "Kaka, debe tupu lina kelele lakini halina ubaya." Basi, harusi ikafanyika, nikashona suti ya bwana harusi mimi mwenyewe, mabega nikayajaza sponji ili afanane na mtu.

Yaliyotokea yalianzia kwenye paa. Mkuu wa kambi alijengewa nyumba mpya karibu na mzinga, nyumba ya vigae vyekundu na vioo mpaka chini. Siku moja mzinga ulipiga kuelekea upande ule, juu kabisa ya nyumba. Droni ikaanguka vipande, hakuna aliyeumia. Lakini kishindo kilipasua vioo viwili vya sebuleni, na maganda ya risasi yakamiminika kwenye vigae mke wa mkuu akiwa na wageni. Mama yule akapiga kelele kuliko king'ora. Mkuu akamwita Mwenye Anga.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwao, tunakula. Mtu huyo alikuwa amefura kwa majivuno.

"Mkuu kaniita nyumbani kwake," alisema. "Nyumbani, shemeji, siyo ofisini. Nimekaa kwenye kochi."

"Hongera kwa kukaa," nikasema.

"Akaniambia, wewe ndiye ninayekuamini. Huu upande wa nyumba yangu ufunge, mashine isipige tena huku. Nikasema, ndiyo afande. Dakika ileile nikaenda nikaufunga."

Mdogo wangu akaacha kupakua. "Upande upi?"

"Si nimesema, wa nyumba ya mkuu."

"Na jiko langu liko wapi, baba watoto?"

Akatafuna. Akameza. "Nyuma ya nyumba ya mkuu."

"Kwa hiyo kitu kikija kwa upande ule, kinakuja kwangu, na mashine itafanya nini?"

"Adui hapendi kupita upande ule."

"Alishapita!" nikasema. "Si ndiyo maana vioo vimepasuka? Ulimwambia mkuu kwamba huko nyuma kuna jiko na foleni ya watu wanaosubiri kula?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mjinga. "Shemeji, mkuu haambiwi."

Loo! Nilitaka kumrushia sahani. Nyumba ya mkuu ni ya zege, chini ina handaki lenye kitanda na feni. Jiko ni mabati na mbao. Ili mama mmoja asimwage chai, anga ya jiko zima iachwe wazi, na huyu anaona fahari kwa sababu amekalia kochi! Mdogo wangu hakupiga kelele. Yeye si wa kelele. Alimwambia tu, "Kesho utafungua." Naye akasema, "Kesho nitafungua, kula kwanza."

Baada ya siku kadhaa mdogo wangu akamuuliza tena. Nilikuwepo, walipita kibandani kwangu kuchukua aproni zake. Mwenye Anga akakunja uso, akasema, "Nimeshafungua zamani, mke wangu, mbona unanisumbua mbele za watu?" Mdogo wangu akashusha pumzi. Akamshika mkono, wakaondoka wote wawili, na mimi nikajisemea kwamba labda nimemwonea mtu wa watu.

Hakuwa amefungua kitu. Alikuwa anaogopa. Akifungua, na mashine ikapiga, na vioo vikapasuka tena, kochi lile hatalikalia tena maishani. Basi akachagua kusema uongo kwa mkewe, kwa kuwa mkewe hapandishi watu vyeo. Na la kuudhi zaidi, bwana huyo alikuwa anapita kwenye foleni ya chakula akijitapa: "King'ora kikilia msimwage mchuzi, jamani. Nyie kuleni, mimi nipo." Vijana wakacheka, wakamzoea, na taratibu wakaacha kukimbilia mahandaki.

Yaliyotokea ndani ya chumba cha mzinga nimeyapata kwa koplo wa rada, binti mmoja asiyependa kuongea, aliyekaa kiti cha pili siku ile. Alikuja kwangu kupunguziwa shati, akakaa kwenye benchi, akanisimulia yote bila kunitazama.

Ilikuwa mchana, saa ya chakula. Droni ilitokea vilimani ikija polepole, chinichini, moja kwa moja juu ya vigae vyekundu. Rada ikaiona mapema. Ving'ora vikalia. Mzinga ukageuka kuifuata, ukafika kwenye mpaka wa ule upande uliofungwa, ukasimama hapo kama punda aliyefika mwisho wa kamba. Kwenye kioo yakatokea maandishi: upande umefungwa, weka namba ufungue.

"Fungua!" koplo akasema.

Mwenye Anga akanyanyua simu.

"Unafanya nini? Fungua!"

"Ngoja nimuulize mkuu."

"Weka namba, afande! Ni namba tu!"

"Amri ni yake. Nikifungua bila ruhusa nitasema nini?"

Simu ya mkuu ilikuwa inatumika. Akakata, akapiga tena. Inatumika. Koplo akaruka kwenye kiti chake akaanza kubonyeza tarakimu za kubahatisha, mashine ikamkatalia. Akamshika kola, akamtikisa, akamwambia nipe namba. Naye alikuwa amebana simu sikioni, jasho linamtiririka, anasema, "Inaita sasa, inaita." Baadaye ilijulikana mkuu alikuwa anaongea na fundi wa mapazia.

Kamera ya mzinga huwa haiachi kufuata inachokiona, hata ukiikataza kupiga. Kwa hiyo kwenye kioo kile ilionekana droni, na chini yake paa la mkuu likapita, halafu likaja jiko. Foleni ilikuwa imetawanyika nusu tu. Wengine walikimbia, wengine walisimama na sahani zao wanataniana, si wameambiwa waendelee kula? Mdogo wangu alikuwa anazima majiko ya gesi, moja moja, kwa sababu mpishi haachi moto ukiwaka, na kwa sababu hakuwa na haraka. Mumewe alimwambia amefungua.

Vijana wawili walikufa palepale. Mmoja nilikuwa na koti lake kibandani, limekamilika, limepigwa pasi. Mdogo wangu alitolewa chini ya mabati akiwa hai, na mguu wa kulia wakaukata hospitalini, chini kidogo ya goti. Nyumba ya mkuu haikupata hata mkwaruzo.

Kikaundwa kikao cha uchunguzi. Wakaja watu wenye mikoba, wakanywa chai, wakasema mashine haikukosea, imefanya kama ilivyoelekezwa. Mwendeshaji naye hakukosea, alifuata amri na akaomba ruhusa kwa utaratibu. Mkuu hakukosea kwa kuwa hakuna aliyemweleza kuhusu jiko. Kwa ufupi, aliyekosea ni mdogo wangu, kwa kusimama mahali anapofanyia kazi. Na ili mambo yatulie, Mwenye Anga akaongezewa mkanda mmoja begani kwa kile walichokiita utulivu wakati wa hatari.

Sikudanganyi: alikuja kwangu na shati. Alisimama mlangoni pa kibanda, ameshika shati mkono mmoja na kitambaa cha cheo mkono mwingine, akasema, "Shemeji, naomba unishonee hiki. Kesho kuna gwaride."

Nilimtazama mpaka akaanza kuhamisha miguu. Mtu mzima hovyo! Mkewe bado ana mrija mkononi, na yeye anataka uzi unaofanana na shati.

"Umeshamwonyesha mkeo?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napanga kwenda wiki ijayo. Kazi zimenibana."

"Twende sasa hivi."

Nilifunga kibanda. Njia nzima alinieleza jinsi watu wasivyojua uzito wa amri jeshini, jinsi ambavyo hata yeye hapati usingizi, jinsi mkuu mwenyewe alivyomshika bega mbele za watu. Nilimwacha aongee. Nilikuwa nahofia nikifungua mdomo nitamtia adabu katikati ya barabara.

Wodini mdogo wangu alikuwa ameegemezwa mto, amekonda, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Alimwona mumewe, akaona shati, akaona na kile kitambaa. Hakulia. Mwenye Anga akaanza, "Mke wangu, pole sana, unajua ile siku..."

"Koplo alikuja kunitazama," akamkatiza. "Kanieleza. Nataka nisikie kwako. Kwenye kioo chenu, mtu anaonekana?"

"Anaonekana."

"Uliniona mimi?"

Mwenye Anga akatazama sakafu. "Nilikuona. Ulikuwa na ile aproni ya bluu."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga simu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kula. Mdogo wangu akavuta shuka likae sawa, halafu akamuuliza bila hasira kabisa, kama anavyomuuliza kila siku kama ataongezewa wali.

"Sasa nieleze. Kama kile kitu kingekuwa kinaangukia kwa mkuu, na upande uliofungwa ni wa jikoni kwangu. Ungepiga simu?"

Nikamgeukia nimsikie. Mtu huyu ana jibu la kila kitu. Anajua sababu ya mvua kuchelewa na sababu ya serikali kukosea. Safari hii alikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. Jibu tulilijua wote watatu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani pia alilijua.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "mtoe. Nataka kulala."