Taa ya Ukungu Iliyonichelewesha Columbus

Mzee alisimama mbele ya ukumbi akasema, "Huyu binti tulishamupatia mutu mwingine."

Sisi tukacheka.

Tulicheka kweli kweli. Baba mdogo alijipiga paja. Shangazi Generoza akatupa kigelegele. Mimi, mposaji mwenyewe, nilicheka mpaka tai ikanibana shingo.

Hicho kicheko nakisikia mpaka leo nikiwa napanga maboksi kazini.

Naitwa Minani. Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa nakaa Amerika, Buffalo, jimbo la New York, mitaa ya Bailey. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu. Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa wa ghala kule Cheektowaga kwamba kwenda chooni si zawadi wanayotupa. Mimi ndiye niliyesimama kanisani kuuliza kwa nini kamati haibadiliki. Shule niliiachia njiani, lakini mambo najifunza mwenyewe kwenye simu, na aliyenionea namkumbuka kwa jina na shati alilovaa.

Isaro ndiye mtu pekee aliyekuwa ananicheka nikikasirika.

Tulikutana Columbus, Ohio, anakokaa na familia yake, kwenye kongamano la kwaya. Mashine ya maegesho ilikuwa imemeza kadi yangu, mimi naifokea. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"We kaka, unagombana hata na chuma?"

Nikageuka. Basi, kwisha habari yangu.

Isaro ni wa watu wa milimani, Kivu Kusini ya Kongo; "ndiyo" kwao ni "njo". Kazi yake kutunza wazee. Alikuwa ananipigia akitoka zamu, anaimba badala ya kusema haloo. Nilimpenda, jamani. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Familia yake wakakubali tuje kuposa. Jumamosi ikapangwa.

Sasa kuposa kwetu hauendi na begi mgongoni. Unaenda na wazee, wamama, vikapu, kreti za soda. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Sylveri, ambaye goti lake halikunji. Kwenye gari dogo haingii. Nikaenda Louisville, Kentucky, mtaa wa Beechmont, nikanunua Hiace ya Kijapani kwa Mkongo mmoja. Ya zamani, usukani kulia, lakini injini inanong'ona.

"Si ungekodi?" Isaro aliniuliza.

"Nimebebwa kwenye malori ya watu tangu nazaliwa," nikamwambia. "Kwenu nakuja na langu."

Akacheka. "Haya, mwenye langu."

Kentucky gari halikaguliwi. New York linakaguliwa, na bila stika kwenye kioo sikuthubutu kupakia wazee. Polisi wakitusimamisha na usukani wa kulia, tungesema nini?

Hapo ndipo ikaingia voisi kwenye simu.

Baba mdogo ana mtoto wake Uingereza. Yule kijana akatuma voisi kwenye grupu la ukoo: "Mwambieni Minani, gari la Japani bila taa ya ukungu nyuma linafelishwa ukaguzi. Mimi langu walilikataa."

Voisi ikazunguka. Kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema taa moja inatosha, mwingine akasema ikae upande wa dereva, mwingine akauliza, upande wa dereva wa Amerika au wa Japani? Watu wakabishana mpaka mchungaji akaandika "amani iwe nanyi".

Nikachungulia nyuma ya Hiace. Kweli, haina. Kuna taa za kawaida tu, na nafasi tupu kwenye bampa.

Nyinyi mtaniuliza: kwa nini hukwenda kwa mkaguzi ukamuuliza? Gereji ipo hapo hapo, mwendo wa kutembea.

Ndugu zangu, mtu wa kambini haulizi dirishani.

Mama yangu aliwahi kwenda dirishani kwa watu wa safari za Amerika, kule kambini, na picha pungufu. Picha moja tu. Karani hakuinua hata macho: "Rudi ukikamilika." Alipokamilika, akaambiwa zamu yetu imeshapita. Tukabaki kambini miaka. Baba alifia humo humo, na yule karani alikuwa na shati la kijani.

Kwa hiyo sisi hatuendi ofisini na pengo. Tunajaza kwanza, ndipo tunaenda. Baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, wakikuona na kasoro mara ya kwanza, wameshakuandika." Nikaona kasema kweli tupu.

Nikaagiza taa mtandaoni. Ikachelewa.

Ilipofika, Ijumaa, siku moja kabla ya safari, nikajilaza chini ya gari kwenye baridi, simu kifuani, video inacheza. Nikatoboa bampa. Nikapitisha waya chini ya mazulia mpaka mbele, nikafunga swichi kwenye dashibodi, nikaweka fyuzi na rilei. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikakagua tena. Nikabonyeza. Taa ikawaka kidogo, halafu ikazimika.

Isaro akapiga.

"Mumefika wapi na ile taa?"

"Bado. Waya zinanisumbua."

"Minani, basi lipo. Kuja na baba mudogo tu. Bale wamama batakuja siku ya ndoa."

"Nimpandishe mzee basi na lile goti? Niingie kwenu na mtu mmoja kama nimekuja kuomba chumvi?"

"Basi kuja peke yako. Mimi nitasimama na wewe."

"Nikija, nakuja kamili."

Akasema taratibu, "Donc, basi, taa njo inakuja mbele."

"Usiseme hivyo."

"Sijasema kitu."

Jioni ile baba mdogo akampigia baba yake Isaro, akaomba tusogeze wiki moja. Mzee akajibu kwa upole, hakuna shida, gari ni gari. Nikashusha pumzi.

Wiki ile Isaro hakupokea simu. Mimi nikajua ni desturi, binti akikaribia kuposwa wamama wanamfungia simu. Nikamtumia picha ya taa ilipowaka. Tatizo lilikuwa asi tu, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi; nilikuwa nimeufunga kwenye rangi badala ya chuma. Nikakwangua rangi, ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Nikaandika: "Tumekamilika."

Hakujibu.

Nikapeleka gari kwa mkaguzi. Mzungu mmoja mnene, anatafuna. Akazunguka, akapima breki, akainama nyuma.

"Hii nyekundu ya nini?"

"Ya ukungu."

"Nani kakwambia uweke?"

"Ukaguzi."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyumenyume. "Huku hatuiulizi hiyo. Ungekuja bila hiyo ningekupa stika."

Akabandika stika. Akaniambia siku njema.

Nilikaa ndani ya gari. Sheria ya Uingereza! Nilifunga sheria ya Uingereza kwenye bampa la Buffalo. Nikampigia baba mdogo, nikamfokea mzee wa watu, Mungu anisamehe. Akasema tu, "Sasa si tumepita? Twende."

Tukaenda.

Siku hiyo tulipendeza, acheni tu. Wamama vitenge sare, vikapu vimefunikwa vitambaa vyeupe. Shangazi Generoza alinyoosha kola yangu kila tuliposimama njiani. "Leo tunaleta mtu," alikuwa anasema. "Leo tunaleta mtu nyumbani."

Columbus tukapokelewa. Ukumbi mdogo wa kanisa, viti vimepangwa pande mbili zinatazamana. Msemaji wao alikuwa mzee Ezéchias, kaka yake baba yake Isaro.

Kwa wasiojua: kuposa kwetu ni mchezo. Mnajifanya mmepotea njia. Wao wanajifanya hawana binti. Mnabembeleza, wanakataa, watu wanacheka, mwisho binti anatolewa. Msemaji mzuri anawatesa wageni mpaka watoke jasho.

Kwa hiyo Ezéchias aliposema wameshampa mtu, tukajua mchezo umeanza.

Baba mdogo akasimama na fimbo yake. "Basi huyo mtu amrudishe! Sisi tuna gari kubwa, yeye labda ana baiskeli!"

Upande wetu tukaangua kicheko.

Upande wao wakatazama chini.

Ezéchias akasema tena, polepole, "Ndugu Sylveri. Tulishamupatia bengine. Wiki ya kupita."

"Kabisa! Na hao bengine walileta nini, maembe?"

Tukacheka tena. Na mimi nikacheka. Ndipo nikamwona Nyirakamana, mama yake Isaro. Alikuwa amevuta kitenge mpaka usoni, mabega yanamtikisika.

Katika mchezo ule mama wa binti halii.

Ezéchias akavua miwani. "Bon. Hatukutaka kuwaambia kwa simu. Mutu aliyetuma neno ya kuposa anajibiwa akiwa amekaa, uso kwa uso, njo heshima. Njo maana tuliacha mukuje. Hii si muchezo, ndugu yangu. Mutusamehe."

Baba mdogo alibaki amesimama, tabasamu bado liko usoni, halijui pa kwenda.

Nikatoka nje. Isaro alinifuata mpaka kwenye maegesho. Hakuwa amevaa nguo ya sherehe. Alikuwa na sare ya kazi.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Gatera. Wa Louisville."

"Walikulazimisha?"

"Hapana."

Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa tayari kuandika, kupiga kelele, kuwashtaki kwa dunia nzima.

"Ile Jumamosi ya kwanza wageni walikuwa bamesha kuja, batu ba mbali, hatukuweza kubarudisha," akasema. "Chakula iko mezani, mama amepika tangu asubuhi. Baba aliniuliza mbele ya watu, nijibu mwenyewe: mutu wako iko wapi? Nikasema iko nafunga taa."

Akajifuta pua kwa kiganja.

"Ukumbi muzima balicheka, Minani. Iko nafunga taa. Na watoto bakaanza kuiimba."

"Isaro..."

"Gatera alikuwa pale na mama yake. Bageni tu, balikuja kula. Gari yao kioo imepasuka, bampa imefungwa na kamba. Siku mingi alikuwa ananiomba, mimi namukatala kwa sababu yako. Akasimama, akaniambia mbele ya bote: mimi niko hapa."

Niligeuka nikalitazama bampa langu.

"Sikutaka mutu kamili," akasema. "Nilitaka mutu anafika."

Akarudi ndani. Wamama wa kwao wakatuita tule, maana mgeni harudi na njaa. Tukala. Sijui nilikula nini.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipoipita Cleveland baba mdogo akaomba nisimame. Nikadhani goti. Kumbe mzee alikuwa analia, hataki wamama wamsikie. Akasema, "Mimi ndiye niliyesambaza ile voisi."

Na mimi ninayewakumbuka wote walionikosea, nilimtafuta adui kwa yule mzee, nikamkosa. Nikamtafuta kwa yule kijana wa Uingereza, alikuwa anatusaidia. Kwa mkaguzi, kwa Ezéchias, hata kwa Gatera. Hakuna aliyenionea. Dah. Hamjui maumivu ya kukosa mtu wa kumchukia.

Labda yule karani. Alituambia turudi tukikamilika, na sisi tukambeba kuvuka bahari, tukamweka sebuleni, mpaka leo tunamtii.

Basi wewe unayesoma, kama kuna mtu anakusubiri mahali, nenda. Nenda na basi, nenda na viatu vya kazi, nenda na kioo kilichopasuka. Na kabla hujajaza pengo ambalo hakuna aliyekuuliza, kaulize dirishani. Wakikufukuza, rudi kesho. Hapa si kambini.

Ndoa ya Isaro ilifungwa Louisville mwezi uliopita. Kwaya yetu ilialikwa kuimba, na wamama hawakuwa na usafiri. Shangazi Generoza alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akashindwa kuomba.

Nikampa ufunguo wa Hiace.