Ukishapita Mstari Mweupe

Siku ile ugali ulipopoa mezani kwa Ya Bisimwa na hakuna aliyethubutu kuugusa, imenirudia wiki hii yote, mwanangu, na najua kwa nini. Jumamosi nilikuona una goli wazi mbele yako. Ukageuka, ukamtafuta kaka yako wa timu, yule mwenye jina kubwa, ukampa mpira akiwa amebanwa na mabeki. Watu wakapiga kelele, na kocha mkuu akanigeukia mimi, kwa kuwa kazi ya kunoa safu ya mbele ya timu hii nimepewa mimi. Sikukuambia kitu pale. Nilitaka kwanza nifikiri, na unanijua, nikikaa kufikiri siinuki mapema.

Basi nikupeleke nyuma kidogo.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa katika nchi hii. Nilikuwa nimemaliza chuo hapa hapa Durban, nina shahada ya uchumi, nimepanga chumba Glenwood kwenye nyumba ya zamani iliyojaa wanafunzi. Badala ya kutafuta kazi ya ofisini kama baba alivyotarajia kule Kigoma, nilisaini mkataba na timu ya daraja la pili. Baba alipopata habari aliuliza swali moja tu, kama mpira una pensheni. Nilitembea na swali hilo msimu mzima. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mtu akinisalimia kwa ufupi, nilishinda nikijiuliza nimemkosea nini.

Timu yetu ilikuwa mkiani. Hatukuwa tukifungwa magoli mengi. Shida ni kwamba hatukufunga. Nyuma tulikuwa imara, katikati tuliweza kumsumbua yeyote, lakini mpira ukifika mbele ulikufa. Tukishuka tungeingia ligi ya ridhaa, na huko hakuna mkataba wa mgeni. Kwangu hiyo ingekuwa aibu, halafu ningefunga viatu kwenye begi na kwenda kutafuta ile kazi ya ofisini. Kwa mwenzangu ilikuwa habari nyingine.

Mwenzangu huyo ndiye Ya Bisimwa. Alitoka Bukavu, mshambuliaji mwenye kifua kipana, ameshaingia ile miaka ambayo magoti huanza kulalamika asubuhi. Wakongo wa hapa humwita kaka mkubwa "Ya", nasi Watanzania tuliozoeana nao tukaiga. Alikaa Sydenham na mkewe Mama Neema, aliyekuwa akisuka nywele kwenye saluni moja ya Berea, pamoja na watoto wao. Kibali chake cha kazi kiliegemea ule mkataba wa mpira. Na tangu msimu uanze alikuwa hajafunga goli hata moja. Viongozi wa timu walishaanza kunong'ona kwamba mshambuliaji asiyefunga ni mzigo, na minong'ono ya viongozi ilitufikia upesi kuliko mishahara waliyotulipa.

Kocha wetu, Mzulu mmoja mpole aliyekuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, alikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa mimi na Ya Bisimwa. Alituweka pamoja kwa makusudi. Siku ya kwanza alituambia, "Mabeki wa ligi hii hawajui Kiswahili. Nyinyi wawili mnaweza kupanga wizi mbele ya macho yao wasielewe kitu."

Mpango wake ulikuwa mzuri, na hata leo nautumia. Ya Bisimwa asimame mbele, mgongo wake kwa goli, awabebe mabeki. Mimi nije nyuma yake nikitazama goli. Mpira ukija, yeye haoni kilichoko mgongoni mwake, mimi naona. Kwa hiyo mimi ndiye niseme: geuka, rudisha, acha upite. Anayeona ndiye anayesema.

Unaona tatizo lilipojificha? Kocha alidhani Kiswahili kingetusaidia kusemezana. Hakujua kwamba katika Kiswahili changu mimi, cha nyumbani kwetu, kijana hamwamrishi mkubwa wake. Nitampigiaje kelele "rudisha!" mtu aliyenipokea mjini, mtu ambaye nikiingia kwake natoa mkono nimeinama? Nilijaribu kuiremba. "Ya, samahani, rudisha kidogo." Nilipofika kwenye "kidogo," beki alikuwa ameshaondoka na mpira.

Nikatafuta njia nyingine. Mluzi niliuona ni wa kuitia mbwa. Basi nikaanza kupiga makofi: moja geuka, mawili rudisha. Kwenye mazoezi niliyapiga kwa bidii, Ya Bisimwa asielewe, na mabeki wote wakageuka kunitazama. Kocha akasimamisha mchezo.

"Eish, Hamisi! Unampongeza nani? Hatujafunga bado."

Walicheka mpaka kipa akakaa chini. Ya Bisimwa hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

Halafu ikaja mechi ambayo ningependa kuiruka, lakini nikiiruka hutaelewa ugali. Karibu na mwisho nilibaki mimi na kipa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa tayari, mpira umetulia. Nikaanza kufikiri. Nikamwona Ya Bisimwa pembeni, nikakumbuka hana goli, nikakumbuka Mama Neema na watoto, nikakumbuka kwamba yeye ni mkubwa na mimi ni nani nimtangulie. Nikampasia. Hakuwa ameutegemea ule mpira. Ulimgonga kwenye ugoko, beki akaupiga ukaenda jukwaani. Tukapoteza. Mashabiki walimzomea yeye. Mimi hakuna aliyenizomea. Mzee mmoja hata alinipiga bega akaniambia nina moyo mzuri.

Jumapili yake Ya Bisimwa aliniita kula Sydenham. Mama Neema alitoka kanisani, akapika ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Chakula kikatengwa, tukanawa, sala ikasomwa. Ya Bisimwa akaweka mikono yake mapajani, akatulia.

Tukangoja. Mvuke uliokuwa ukipanda kwenye ugali ukapungua, ukaisha. Neema, binti yao, alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama mumewe. Mimi nilitazama samaki, nikijiuliza kama nimekaa kiti cha mtu.

"Bugali inapoa, Diplome," akasema mwishowe. Ndivyo alivyoniita, kwa ajili ya shahada yangu, akitaka kunichokoza. "Unangojeaka nini?"

"Nakungoja wewe, Ya."

"Juu ya nini?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Hapa, njo," akasema, yaani ndiyo. "Hapa mezani niko mukubwa, ningoje. Umefundishwa muzuri, mama yako apate baraka." Akamega tonge, akalishika bila kula. "Na jana? Pale mbele ya goli, ulikuwa unangojea nani?"

Nikamwambia ukweli, au kile nilichodhani ni ukweli. Kwamba nilimheshimu. Kwamba nilitaka yeye apate goli, kwa sababu ya kibali, kwa sababu ya watoto.

Alitafuna polepole. Kisha akauliza, "Kama ungepiga weye, ukakosa, watu wangesema nini?"

"Wangenizomea."

"Na nilipokosa mimi?"

Mama Neema aliinuka kwenda kuchukua maji ambayo yalikuwa tayari mezani.

"Ile haikukuwa heshima," akasema Ya Bisimwa, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikuwa na muzigo, ukaona mimi niko mukubwa, ukanipatia nibebe. Heshima njo unaitaka? Basi unipatie macho yako. Mimi niko na mugongo kwa goli, sionake kitu. Weye unaona, na unanyamaza. Mutu anatembeza kaka yake gizani na iko na tochi mufukoni?"

Mwanangu, niliwahi kusahihishwa na maprofesa kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyewahi kunifungua hivyo, tena mkono wake ukinisogezea kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote.

Akaweka sheria. Nje ya uwanja mimi ni mdogo wake, nitamwita Ya na nitangoja amege kwanza. "Lakini ukishapita ule mustari mweupe, mimi ni Bisimwa. Bisimwa tu. Na maneno mafupi."

Akanitaka nianze pale pale, kabla hajameza. Jaribu kumwita mkubwa wako jina tupu mbele ya watoto wake, uone ulimi unavyokuwa mzito. Nilijaribu, ikatoka kama kikohozi. Neema akaziba mdomo. Nilijaribu tena, nikifumba macho:

"Bisimwa! Leta chumvi!"

"Weee!" Mama Neema akapiga meza. "Mutoto wa watu ananikosea adabu ndani ya nyumba yangu?" Lakini alikuwa anacheka mpaka machozi, na mumewe akaleta chumvi, ameinama kama mhudumu wa hoteli. Mpaka leo sijui kama chakula kile kilihitaji chumvi.

Usidhani nilipona siku ile. Kwenye mazoezi nilifaulu leo, kesho nikarudi kwenye "Ya, samahani." Akisikia hivyo alikuwa anasimama katikati ya mchezo, anageuka na kuniuliza, "Ya ni nani? Iko wapi?" huku mpira unampita. Kocha hakuelewa neno, lakini alianza kutabasamu, kwa kuwa mara moja moja mpira ulipita, ukafika, ukaingia.

Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji kushinda. Sare ingetushusha. Joto la siku ile lilikuwa lile la Durban linalokaa juu ya mabega kama mtu, na mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Winga wetu akapata nafasi kushoto, akapiga krosi ya chini, kali. Ya Bisimwa alikuwa mbele yangu, hatua chache tu, beki amemlalia mgongoni. Nikaona ameshaanza kuuvuta mguu wa kulia nyuma.

Alihitaji lile goli, mwanangu. Akiupiga ule mpira ukaingia, hakuna kiongozi ambaye angemwita mzigo tena. Nami niliona asichokiona. Kipa alishamsogelea yeye, na upande wangu palikuwa wazi kama mlango wa kanisa.

Ningependa kukuambia kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Sauti ilitoka.

"Bisimwa! Acha!"

Mguu wake ulikuwa njiani. Akauinua. Hakugeuka kuuliza nani amesema, wala kama ana uhakika. Mtu mwenye familia, ambaye msimu wake wote ulikuwa unaviringika kuelekea kwenye kiatu chake, akauinua mguu kwa amri ya kijana, na mpira ukapita chini yake. Beki akaanguka naye. Mimi nikapiga.

Waliponirukia wote sikuwa naangalia goli. Nilikuwa natafuta alipo Ya Bisimwa. Alikuwa bado chini, anacheka na nyasi.

Kwenye basi nilikaa karibu naye. Mwili ulishapoa, na adabu yangu ilikuwa imenirudia yote kwa pamoja. Nikamwambia, "Ya, naomba unisamehe. Nimekukemea mbele ya uwanja mzima."

Akafikiri kidogo. "Ulichelewa," akasema. "Ungenikemea tangu mbele ya Pasaka, leo tungekuwa tunapumuzika."

Viongozi walipokaa kuamua nani abaki, kocha aliwaambia kwamba goli lile lilifungwa na watu wawili, na kwamba mguu ulioinuliwa ni mgumu kupatikana kuliko mguu unaopiga. Wakampa Ya Bisimwa mkataba mwingine. Alifunga msimu uliofuata, tena mara kadhaa, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumwambia geuka.

Sasa nakurudia wewe. Kila mtu hapa ana dawa yake ya safu yetu ya mbele. Mmoja anataka anunuliwe mtu mrefu, mwingine anataka wenye mbio. Huenda wote wana haki, nami nimeandika mipango mingi nikaichana. Lakini Jumamosi sikuona upungufu wa mbio wala wa urefu. Nilimwona kijana anayeona, amenyamaza. Najua utasema ulimheshimu kaka yako. Jiulize kwa uaminifu, kama nilivyoulizwa mimi: ulimpa mpira kwa kuwa ilikuwa bora kwake, au ulimpa ili kosa likitokea liwe lake? Mimi hilo nililikimbia muda mrefu, na aliyezomewa alikuwa mtu niliyempenda. Mkubwa wako mpe kiti, mpe nafasi ya kwanza kwenye sinia, mwite kwa jina la heshima. Na akiwa amegeuzia mgongo kitu ambacho wewe unakiona, mwambie, kwa neno fupi, mapema. Hilo nalo ni deni la adabu. Ukipata nafasi ya kupiga, piga. Ukikosa, kosa lako libebe wewe. Halitakuvunja. Nimekosa mengi na bado natembea.

Nimeshazungumza na kaka yako. Nimemwambia Jumamosi ijayo utamwita jina tupu, na amecheka, amesema amekuwa akikungoja.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufungue sauti na akupe wakubwa wasioona haya kuinua mguu. Na itakapofika siku yako, magoti yakilalamika, uko mbele na mgongo wako kwa goli, ukasikia kijana nyuma yako anaita jina lako bila heshima yoyote, Mungu akupe moyo wa kutouliza ni nani. Uinue mguu, mpira upite.