Vinywaji vya Nje

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mkaguzi wa mizigo kwenye meli ndogo ya abiria iliyotoka Kendu Bay, ikapitia Homa Bay, na mara moja kwa wiki ikafika hadi upande wa Kisegi. Neno "mkaguzi" lilikuwa kwenye barua yangu ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kwenye ubao wa kupandia na kutia mkono kwenye vikapu vya watu. Nilitafuta kitu kimoja tu, yaani vinywaji.

Sheria ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao kando ya ubao huo. Abiria hakuruhusiwa kupanda na kinywaji cha nje. Maji ya kunywa, sawa. Maziwa ya mtoto, sawa, mradi mtoto mwenyewe awepo. Soda au bia ambayo haijafunguliwa iliwekwa stoo, ikabandikwa karatasi yenye jina, na mwenyewe akarudishiwa aliposhuka. Kitu chochote kilichopikwa nyumbani kilimwagwa ziwani papo hapo. Sababu iliyosemwa hadharani ni kwamba walevi walikuwa wakiyumba mpaka ukingoni, na ziwa halina huruma. Sababu ambayo haikusemwa ni kantini. Mwenye meli alikuwa akiuza chai humo ndani, chai nyepesi hata unaona kitako cha kikombe, na hakutaka mtu aje ameshiba cha kwake.

Niliipenda sheria ile kuliko mwenye meli mwenyewe. Nimezaliwa Migori, kwa baba aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, na nyumbani kwetu hata viatu vilipangwa mstari. Nilipopewa shati lenye mabega ya bluu nilijiona serikali. Nilimwaga busaa, ile pombe nzito ya unga, ya watu waliokuwa wakienda harusini. Nilimwaga chang'aa iliyofichwa ndani ya ngoma ya kwaya, nikawaambia wanakwaya waendelee kuimba. Mwanamke mmoja alipanda na mimba iliyobonyea nilipoigusa kwa kijiti. Ilikuwa mfuko wa mpira uliojaa pombe. Abiria walinichukia, nami nilifurahi kuchukiwa, kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyojulikana.

Baada ya miaka miwili niliamini kwamba simhitaji mtu anifungulie kikapu. Nilimjua mwenye magendo kwa kumtazama. Anaficha uso. Ukimsalimu hajibu. Na kile alichobeba amekikumbatia tumboni.

Mke wangu nilimpata kwenye meli hiyohiyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kisegi, na nilimnyang'anya soda ya machungwa nikaipeleka stoo. Jina lake nililijua kwa sababu ya ile karatasi ya kubandika. Aliposhuka nilimrudishia soda yake mwenyewe kwa mikono miwili, akaniambia imepata moto na nimnywee. Tulioana mwaka uliofuata. Yeye alibaki na shule yake, nami nilipanga chumba Homa Bay, tukawa tunaonana kila Alhamisi meli ilipofika upande wake.

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kabla ya kumaliza wiki mbili. Maziwa ya mama yake yalikataa kutoka. Muuguzi alijaribu maziwa ya kopo, yakamharisha, na siku niliyofika na kopo la aina nyingine kutoka Homa Bay tayari walikuwa wamemfunika. Sikulia mbele ya watu. Nilirudi melini na wiki ile nilimwaga vinywaji vingi kuliko wiki yoyote.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokaribia kumaliza miezi, roho yangu ilikuwa mkononi. Simu hatukuwa nayo. Alhamisi moja nilimwacha kwenye kituo cha afya, muuguzi akasema bado wiki mbili au tatu, niende tu kazini. Nikaenda.

Sasa lazima niseme habari ya mama mkwe. Kwetu sisi Wajaluo mama mkwe hashikwi mkono. Hutazamani naye usoni, wala huketi naye mahali pamoja mkala. Akikuona njiani anajifunika leso na kupita kando, nawe unajifanya unakagua miti. Hiyo si chuki, ni heshima, na wakati huo sisi vijana tuliokuwa tukisema ni ya kizamani tuliifuata kuliko wazee. Mama mkwe wangu aliishi nje kidogo ya Kendu Bay. Nilikuwa nimemwona mara mbili, mara zote siku za kupeleka ng'ombe wa mahari, na mara zote nilimwona kisogo. Mtu angeniuliza leso yake ilikuwa ya rangi gani ningemjibu, lakini uso wake sikuujua.

Alhamisi iliyofuata asubuhi tulikuwa Kendu Bay, tukipakia. Foleni ilikuwa ndefu. Msimamizi wangu, mtu wa saa, alikuwa juu ameegemea chuma akitazama mkono wake wenye saa na mkono wangu wenye kazi. Akaja mama mmoja na jerikani ya lita tano. Aliponiona alishtuka, akavuta leso ikamfunika kichwa na uso, akageuka upande. Jerikani akaikumbatia tumboni.

"Mama, habari?" nikasema.

Kimya.

"Mama, hiyo ni nini umebeba?"

Alizidi kugeuka, nikabaki naongea na mgongo. Damu ilinipanda. Nikawageukia watu wa foleni nikasema, "Huyu sijui amebeba ya matanga ama ya harusi," wakacheka, nami nilipenda kuwachekesha kuliko nilivyopenda kazi yenyewe.

"Maliza hapo!" msimamizi akapiga kelele. "Tunachelewa!"

Niliishika jerikani. Mama yule aliiachilia haraka kama aliyeungua, ili mikono yetu isigusane, na hata hilo mimi nililihesabu kuwa dalili. Nikafungua kifuniko. Harufu chachu ikanipiga puani.

"Busaa," nikatangaza, nikainamisha jerikani ukingoni.

Ilitoka nzito, ya rangi ya udongo, ikaenea kwenye maji, na samaki wadogo wakaja. Jerikani ilikuwa na joto mkononi mwangu. Busaa haibebwi ikiwa moto. Nililijua hilo, na bado niliendelea kumwaga mpaka tone la mwisho, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Ndipo mwanamke mwingine akaja mbio kutoka dirisha la tiketi, tiketi mbili mkononi, akiwasukuma watu.

"Wewe! Umemwaga nini?"

"Busaa."

"Busaa gani? Hiyo ni nyuka! Hiyo ni uji ya mzazi, imelazwa ikachacha, tumepika asubuhi hii!" Akanitazama vizuri, shati mpaka viatu, kisha sauti yake ikashuka. "Orwa. Ni wewe? Mkwe wetu? Na unajua huyu ni nani umemfanyia hivi?"

Sikuhitaji kuambiwa. Mgongo ule niliutambua wakati huohuo.

"Bibi yako amezaa Jumatatu," akasema yule mwanamke, ambaye alikuwa jirani wa mama mkwe. "Mtoto wa dada yake alikuja na barabara kutuambia. Wewe nani angekupata, na uko kwa maji kila siku?"

"Mtoto?"

"Yuko. Msichana. Lakini maziwa haijatoka, ndiyo tukapika uji. Leo siku ya nne. Ananyonya hewa tu."

Mama mkwe alikuwa bado ametugeuzia mgongo, uso kwa ziwa, na uji wake ulikuwa palepale mbele yake ukisambaa. Alisema neno kwa sauti ya chini, jirani akasogea kumsikiliza, kisha akanirudia.

"Anauliza kama anaweza kurudishiwa jerikani yake."

Nimetukanwa na watu wengi kwenye ubao ule, na matusi yao nimeyasahau. Ombi lile sijalisahau. Nilimpa jirani jerikani, naye akampa mama mkwe, wakapanda wakakaa nyuma kabisa, na mimi nikaendelea kukagua vikapu bila kuona kilichomo.

Kutoka Kendu Bay hadi Homa Bay nilikuwa na muda wa kujichukia kikamilifu. Nilimwona mtoto wa kwanza, na lile kopo nililokuja nalo nikachelewa. Tulipofunga kamba Homa Bay, meli ikisubiri saa moja na nusu, nilikimbia sokoni na shati langu la serikali. Nilimtafuta mama anayeuza unga wa wimbi uliochachushwa ukaanikwa, nikamwambia anipimie wa mzazi. Aliniuliza mzazi ni nani. Nikamwambia ni mke wangu.

Msimamizi alikuwa kwenye ubao nilipopanda na mfuko.

"Hiyo ni nini?"

"Unga."

"Unataka kufanya nini nayo?"

"Sheria inakataza vinywaji," nikasema. "Unga haikutajwa. Na nikipika ndani, si cha nje."

Alikuwepo asubuhi, alikuwa ameona kila kitu kutoka juu. Akasogea nipite.

Mwanamke wa kantini aliniachia jiko lake la mafuta taa na sufuria ya chai, akakaa juu ya kreti kunitazama. Sikuwa nimepika uji tangu nizaliwe. Nilitia unga kwenye maji yaliyokuwa yanachemka, jambo ambalo hata mtoto wa miaka sita angeniambia nisifanye, ukashikana madonge. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akanionyesha jinsi ya kuyaponda kwa mwiko ukingoni mwa sufuria. Mengine yalipondeka. Nikatia sukari, nikaita jirani aniletee jerikani, nikaijaza hadi shingoni. Niliona kwa mbali jirani akimkabidhi mama mkwe. Hakugeuka. Aliikumbatia tumboni vilevile kama asubuhi.

Tulipofika gati la upande wa Kisegi msimamizi aliniambia, "Dakika arobaini. Honi ikilia mara ya pili, tunaenda."

Wale wanawake wawili walitangulia. Nilifuata nyuma kwa mbali, maana ningewapita ningekuwa nimeongeza kosa juu ya kosa. Mama mkwe alikuwa na umri wake na njia ilipanda. Waliingia kituoni, nami nikasimama nje chini ya upenu, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na singeweza kuingia akiwemo. Nilisikia kikombe kikiguswa na kijiko. Nilisikia sauti ya mke wangu, lakini maneno sikuyapata. Halafu nikasikia mtoto akilia, kilio chembamba kilichokauka.

Honi ililia mara ya kwanza. Nilihesabu kichwani mwendo wa kurudi. Mlango wa mbele haukufunguka. Kumbe kulikuwa na mlango wa nyuma, wa kumwagia maji, na mama mkwe alikuwa amesikia honi kama mimi. Alitoka kwa mlango huo, akapita kati ya ndoo na kamba za nguo, ili aniachie chumba.

Mke wangu alikuwa ameketi, kikombe mkononi, mtoto amelala mapajani. Mtoto alikuwa mdogo na mwenye hasira usoni, kama mimi.

"Mama leo ameniangusha," akasema. "Uji una madonge."

Nilimwambia yote, haraka na bila kujitetea. Alinisikiliza akinitazama, kisha akatazama kikombe. Akanywa mpaka mwisho, madonge yote, akanyoosha kikombe nimwongeze.

Honi ililia mara ya pili. Nilikuwa nimeshika jerikani nikimimina, na sikuiweka chini.

Maziwa yalitoka Jumamosi. Nilikuwepo. Mama mkwe alikuwa amelala kwa mwalimu jirani, akaja asubuhi na mapema na uji alioupika mwenyewe, nikatoka nje kama ada, na nikiwa nje nilisikia wanawake wakipiga vigelegele. Nililia hapo kwenye upenu, safari hii mbele ya watu. Alhamisi nilirudi melini nikijua nimefukuzwa. Msimamizi hakuniambia kitu ila alinitoa kwenye vikapu akanipa kamba, na kamba nilizifunga na kuzifungua mpaka meli ile ilipoacha kufanya kazi.

Mama mkwe alitutembelea miaka mingi baada ya hapo, tulipojenga Migori. Kila mara alikuja na uji kwenye jerikani ileile. Habari ya Kendu Bay hakuitaja hata siku moja, si kwangu, si kwa binti yake. Alifika, akaiweka jerikani kizingitini, akafungua kifuniko na kukilaza kando yake, kisha akazunguka kwa nyuma akaingia jikoni.

Mara ya kwanza sikuelewa, nikadhani amesahau kufunga. Mara ya pili nikaelewa. Niliinama, nikanusa, nikasema kwa sauti ili asikie huko aliko, "Sawa. Pita." Na kule jikoni, mwanamke ambaye uso wake sikuwahi kuutazama, nilimsikia akicheka.